Seva ya chama chenu ni ghala: Je, nakala ya hesabu iko wapi?

UMEME ulikatika saa mbili usiku, ukarudi alfajiri kwa kishindo. Ulikuwa msimu wa mavuno ya mahindi wa mwaka 2018, katika chama kimoja cha ushirika ambacho sitakitaja jina. Karani alipofungua ofisi asubuhi aliikuta ile kompyuta kubwa iliyokuwa ikitunza hesabu zote za chama haiwaki, na chumba kizima kinanuka waya ulioungua.

Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na uzito wa kila gunia lililopokelewa kwa wiki tatu, majina ya wenye magunia, na madeni ya mbolea na mbegu yaliyotakiwa kukatwa kabla ya malipo. Fundi aliyeitwa kutoka mjini alitoa diski mbili zilizokuwa ndani, akazijaribu kwenye mashine nyingine, akatikisa kichwa. Zote mbili zilikuwa zimeungua pamoja.

"Nakala ya akiba iko wapi?" akauliza. Hakuna aliyejibu.

Jibu nilikuwa nalo mimi. Wakati huo nilikuwa nakishauri chama hicho katika mambo ya bajeti. Miezi minane kabla ya siku hiyo, katika makisio ya ununuzi wa seva, kulikuwa na mstari wa diski mbili za nje za kuhifadhia nakala. Niliukata kwa kalamu yangu mwenyewe na kuandika pembeni: "Seva tayari ina diski mbili."

Ilichukua wiki sita kuzikusanya hesabu upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi walizokuwa nazo wakulima majumbani. Mama mmoja alikuja na daftari la shule la mwanawe, ndani yake ameandika tarehe na uzito wa kila gunia. Yeye alilipwa bila maneno. Mzee mmoja hakuwa na kitu. Stakabadhi yake ilifuliwa pamoja na shati. "Mwanangu, magunia yangu yalikuwa kumi na manne," aliniambia. Kamati ilipata mashahidi wa magunia tisa, akalipwa tisa. Mpaka leo sijui nani alikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniuma.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari la vyama vingi limehamia ndani ya seva, lakini wanachama wanaoliuliza swali la daftari hilo ni wachache, kwa kudhani ni mambo ya mafundi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mambo yenyewe si mageni kwa mtu aliyewahi kutunza ghala, na kwamba mkulima au mfanyabiashara mdogo anaweza kuyahoji bila kuwa mtaalamu.

Seva na mfumo wake

Seva ni kompyuta kama nyingine, ila kazi yake ni kuzihudumia kompyuta zingine. Karani wa mizani, mhasibu na meneja kila mmoja anaweza kuwa na kompyuta yake ndogo mezani, lakini kumbukumbu zote zinakaa mahali pamoja, kwenye seva, ambayo huwaka usiku na mchana.

Seva nyingi duniani zinaendeshwa na mfumo uitwao Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Linux ni programu huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma ilivyoandikwa, kuirekebisha na kumgawia mwenzake. Hapa nyumbani jambo hili si jipya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, aina ya Linux inayotumika sana hadi sasa.

Kama mchumi, natoa tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba kilicho bure ni leseni, kazi si bure. Fundi wa kuitunza Linux lazima alipwe, na chama kinachosema "mfumo wetu ni wa bure" halafu hakitengi fedha za fundi kinajidanganya.

Ya pili ni kuuliza aina mliyowekewa itahudumiwa hadi lini. Waliotumia CentOS 8 walitarajia kupata marekebisho hadi mwaka 2029, lakini Desemba 2020 ilitangazwa kwamba huduma ingekoma mwisho wa mwaka 2021, na ikakoma kweli. CentOS 7 nayo ilifikia kikomo Juni 30, 2024. Watumiaji wengi walihamia AlmaLinux na Rocky Linux, ambazo zilitolewa mwaka 2021 kuziba pengo hilo. Seva isiyopata marekebisho ya usalama ni sawa na ghala ambalo kufuli lake limejulikana na wezi.

Kompyuta tatu ndani ya moja

Chama cha kati kinaweza kuhitaji seva tatu: moja ya uhasibu, moja ya mizani na stakabadhi, na moja ya kutunzia barua na mafaili. Zamani ilibidi kununua mashine tatu, na kila moja ikafanya kazi kidogo tu huku ikila umeme kutwa.

Leo mashine moja yenye nguvu inaweza kugawanywa ikawa kama mashine tatu, kila moja na mfumo wake, nywila zake na sehemu yake ya diski. Wataalamu huziita mashine pepe. Wazo lenyewe ni la zamani. Kampuni ya IBM ililitumia kwenye kompyuta zake kubwa tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatoa mfumo wa VM/370. Katika Linux, uwezo huo uitwao KVM uliingizwa ndani ya kiini cha mfumo mwaka 2007. Mwaka uliofuata kampuni ya Proxmox ya Vienna, Austria, ilitoa mfumo huria unaomwezesha fundi kuzisimamia mashine pepe zote kupitia ukurasa mmoja.

Tuchukue mfano. Mashine yenu ina RAM ya GB 32. Uhasibu unapewa GB 8, mizani GB 8, mafaili GB 4. Zinabaki GB 12 za mashine mama yenyewe na za kukua baadaye. Kirusi kikiingia kwenye mashine ya mafaili, mashine ya uhasibu haipati kirusi hicho moja kwa moja. Tena, kwa kuwa mashine pepe ni kama faili kubwa, mashine halisi ikichoka unaweza kuihamishia kwenye nyingine bila kuanza upya.

Faida hiyo ina bei yake. Mashine halisi ikizimika, zote tatu zimezimika. Punda mmoja anayebeba mizigo ya nyumba tatu anahitaji malisho mazuri kuliko punda watatu, na malisho yenyewe hapa ni UPS yenye betri nzima, kinga ya umeme unaopanda ghafla, na chumba kisicho na vumbi wala joto kali.

Liko pia suala la nani mwenye programu hiyo ya kugawanya. Novemba 2023 kampuni ya Broadcom iliinunua VMware, iliyokuwa ikiongoza kwa muda mrefu katika biashara hii. Desemba mwaka huo ilitangazwa kwamba leseni za kununua mara moja na kuzimiliki daima haziuzwi tena, bali wateja watalipia kwa kipindi. Mkulima aliyewahi kutegemea mnunuzi mmoja anaielewa habari hiyo bila kufafanuliwa. Hoja yangu si kwamba programu za kulipia ni mbaya. Nasema tu kwamba kabla ya kuingia, mjue mlango wa kutokea uko wapi.

Diski: ghala lenye kuta za mbao

Njia ya kawaida ya kugawa nafasi katika Linux inaitwa LVM. Fikiria maghala mawili yaliyopakana, mkavunja ukuta wa katikati ukabaki ukumbi mmoja mkubwa, kisha mkaugawa vyumba kwa kuta za mbao zinazohamishika. Diski halisi ndiyo maghala, kundi la diski ndilo ukumbi, na sehemu zinazotolewa kwa kila mashine pepe ndivyo vyumba. Chumba cha mizani kikijaa, fundi husogeza ubao na kukiongezea nafasi kutoka kwenye eneo lililobaki wazi, mara nyingi bila hata kuizima mashine. Kukipunguza chumba ndiko kwenye hatari, kwa sababu ukiusogeza ubao kabla ya kutoa magunia utayaponda.

Kwa hiyo fundi mwenye busara hagawi ukumbi wote siku ya kwanza. Huacha eneo wazi na kuongeza kidogo kidogo kadiri mahitaji yanavyoonekana.

Diski kujaa ni ajali inayotokea mara nyingi kuliko diski kufa. Kila seva huandika habari za mambo inayoyafanya, na zisipofutwa kwa mpango maalumu, habari hizo hujaza nafasi polepole. Siku nafasi inapokwisha, programu ya mizani inashindwa kuandika gunia linalofuata, na mara nyingi siku hiyo ni siku ya foleni ndefu kuliko zote. Amri fupi ya df -h inamwonyesha fundi kila sehemu imejaa kwa asilimia ngapi. Ni vema seva ipangwe itume ujumbe inapofika asilimia 80, na uende kwa watu wawili.

Stakabadhi nyingi kuliko magunia

Uko ugawaji mwingine ambao kila mwenye kujua biashara ya ghala atautambua mara moja. Fundi anaweza kuiambia kila mashine pepe kwamba ina nafasi ya GB 500, mashine zote tatu, wakati diski halisi ina GB 1,000 tu. Jumla ya ahadi ni GB 1,500. Mambo huenda vizuri mradi mashine hazijazitumia ahadi zao zote, kwa sababu nafasi hutolewa pale tu inapohitajika.

Linganisha na mtunza ghala anayetoa stakabadhi za magunia 1,500 katika ghala la magunia 1,000, akitumaini kwamba wenye mali hawataleta yote kwa pamoja. Wakati wa kiangazi ataonekana hodari. Wakati wa mavuno hana pa kuficha uso. Kwenye seva, nafasi halisi ikiisha huku mashine zikiamini bado ipo, zinaweza kusimama ghafla katikati ya kuandika na kuharibu kumbukumbu. Njia hii si haramu, na kampuni kubwa huitumia kila siku, lakini zina watu wanaoitazama nafasi hiyo usiku na mchana. Chama chenye fundi anayekuja mara moja kwa mwezi kinashauriwa kikae nayo mbali.

Diski pacha si nakala

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Seva ile ilikuwa na diski mbili zilizofungwa kama pacha: kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa papo hapo kwenye nyingine. Utaratibu wa kuunganisha diski nyingi namna hiyo huitwa RAID, jina lililotokana na andiko la mwaka 1988 la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Diski mbili za TB 2 zikifungwa kama pacha hutoa nafasi ya TB 2, si TB 4. Katika mpango wa RAID 5, diski tatu za TB 2 hutoa TB 4 na huvumilia kifo cha diski moja. Katika RAID 6, diski nne za TB 2 hutoa TB 4 na huvumilia vifo viwili.

Pacha hukukinga na ajali ya aina moja tu: diski kufa peke yake. Hakukingi na umeme unaounguza zote, mwizi anayeondoka na kasha zima, au moto. Wala hakukingi na karani anayefuta faili kwa makosa, kwa sababu pacha mtiifu anafuta pia sekunde ileile.

Makosa haya hayawapati wanyonge peke yao. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, alikuwa akihangaika na hitilafu usiku. Akafuta kumbukumbu kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Zilipotea takriban GB 300. Kampuni ilipozitafuta nakala, iligundua kwamba zile zilizotakiwa kutengenezwa kila siku zilikuwa hazitengenezwi, na barua pepe za kuonya kuhusu hilo zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya LVM, yaani taswira ya diski kama ilivyokuwa wakati fulani, ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa kazi nyingine yapata saa sita kabla. Kazi ya saa hizo ilipotea kabisa. Kampuni iliyaeleza yote hayo hadharani, na kwa hilo inastahili heshima.

Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo moja la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya jingine la jirani. Wako wateja waliokuwa na nakala, lakini zilikuwa palepale zilipokuwa seva zao. Mbegu za mwakani ukiziweka ghala moja na mahindi ya kula, moto ukija hutakula wala hutapanda.

Ndiyo maana mafundi wanafuata kanuni wanayoiita tatu-mbili-moja: kumbukumbu ziwe katika nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae mbali na ofisi. Kwa chama kisicho na intaneti ya uhakika, "mbali" inaweza kuwa diski ya nje inayochukuliwa na mweka hazina kila Ijumaa na kufungiwa mahali pengine.

Hata hivyo, diski hiyo ina majina, simu na madeni ya watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa hiyo diski ifungwe kwa nywila, kazi ambayo Linux inaifanya kwa mpango uitwao LUKS, na nywila iandikwe na kutiwa kwenye bahasha iliyofungwa, itunzwe na mwenyekiti na katibu. Nywila ikijulikana na mtu mmoja tu, siku akiondoka ameondoka na ghala.

Gharama yake

Tupige hesabu ya mfano. Chama kina wanachama 600, kila mmoja analeta magunia 10. Jumla ni magunia 6,000. Tuseme gunia ni shilingi 60,000. Mali iliyo kwenye kumbukumbu za seva ni shilingi milioni 360. Tuseme tena diski mbili za nje ni shilingi 400,000. Ukigawa kwa magunia, ni shilingi 67 hivi kwa gunia, tena mara moja tu, kwa sababu diski hizo zitatumika zaidi ya msimu mmoja. Mwanachama mmoja anachangia shilingi 667.

Hiyo ndiyo "akiba" niliyojisifu nayo mwaka ule. Upande wa pili wa hesabu, wakulima walisubiri malipo wiki sita wakati ada za shule zinadaiwa, na wapo waliouza mahindi yaliyobaki nyumbani kwa walanguzi kwa bei ya kutupa.

Maswali ya kuuliza mkutano mkuu

Ndugu msomaji, huhitaji kujua Linux ili kuuliza haya:

1. Nakala ya mwisho ya hesabu zetu ilichukuliwa lini, na sasa hivi iko wapi?

2. Mara ya mwisho kujaribu kuirudisha nakala hiyo kwenye mashine nyingine ilikuwa lini, na nani alishuhudia?

3. Seva ikiungua leo usiku, itachukua siku ngapi kurudi kazini?

4. Diski imejaa kwa kiasi gani, na nani hupata onyo?

5. Nani ana nywila ya mtumiaji mkuu, na akiondoka nani mwingine anayo? Je, anayeandika malipo ndiye pia anayeweza kufuta kumbukumbu?

6. Mfumo wetu utapata marekebisho ya usalama hadi mwaka gani?

Swali la pili ndilo kubwa. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni mbegu isiyowahi kupimwa kama inaota. Utaijua siku ya mvua, na siku hiyo umechelewa.

Chama kile kilinunua diski zake msimu uliofuata. Kila Ijumaa moja inaondoka na nyingine inarudi. Kila mwezi nakala inafunguliwa kwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa imetupwa stoo, linachaguliwa jina la mwanachama mmoja, na magunia yake yanalinganishwa na stakabadhi yake ya karatasi mbele ya wajumbe wawili wa kamati. Mara ya kwanza niliomba lichaguliwe jina la yule mzee. Lilitokea, na magunia yake yote ya msimu huo mpya yalikuwepo. Mzee aliitazama kompyuta, kisha akatoa mfukoni stakabadhi aliyokuwa ameifunga kwenye mfuko wa nailoni.

"Na hii nitaendelea kuitunza," alisema. Nilimwambia afanye hivyo.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.